Kukausha Bangi Nyumbani: Uchambuzi wa Njia za Mkato na Gharama Zake

Mkanganyiko ulikotoka

Sheria ya Kanada iliyoanza kutumika tarehe 17 Oktoba 2018 iliziruhusu kaya kupanda miche minne ya bangi, ingawa jimbo la Quebec lilikataa, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaunga mkono katazo hilo mwaka 2023. Colorado, nchini Marekani, ilikuwa imekwisha kufungua mlango huo tangu kura ya mwaka 2012. Malta ilifuata mwaka 2021. Na Ujerumani, kuanzia tarehe 1 Aprili 2024, ikamruhusu kila mtu mzima kuwa na miche mitatu. Sheria hizi zote zilieleza kwa kirefu nani apande, apande wapi na apande mingapi, lakini karibu zote zilinyamaza juu ya wiki zinazofuata mavuno, yaani kipindi ambacho ua bichi lililojaa maji hugeuzwa kuwa kitu kinachoweza kuhifadhiwa bila kuoza. Katika ukimya huo yamezuka mashauri mengi yanayopingana: mmoja husema maua yatundikwe gizani wiki mbili, mwingine yafungiwe ndani ya friji, wa tatu yatumbukizwe katika ndoo ya maji, wa nne yawekwe ndani ya maikrowevu kwa sekunde chache, na kila mmoja huapa kwamba wenzake wanaharibu mavuno.

Mkanganyiko huu una chanzo cha kihistoria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya uliiweka bangi chini ya udhibiti mkali, na nchini Marekani, tangu mwaka 1968 hadi 2021, Chuo Kikuu cha Mississippi peke yake ndicho kilichokuwa na kibali cha serikali kuu cha kulima bangi kwa ajili ya utafiti. Maswali ya mkulima mdogo, kama vile ua likauke kwa kasi gani na lihifadhiwe katika chombo gani, hayakuwa na taasisi ya kuyajibu. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Tanzania, ana bani la kukaushia, ana afisa ugani, na ana madaraja ya soko yanayomwonyesha kwa bei kwamba jani lake limeungua au limevunda. Mkulima wa bangi alikuwa na rafiki anayemwamini tu, na rafiki huyo naye alifundishwa kwa siri. Maarifa yaliyopatikana kwa njia hiyo si lazima yawe ya uongo, lakini hayakupitia mtihani wa kulinganishwa.

Kwa Tanzania na Kenya, mjadala huu hauna upande wa vitendo, kwa kuwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 kwa upande wa kwanza, na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 kwa upande wa pili, zinahesabu kilimo na umiliki wa bangi kuwa jinai. Unawagusa kwa karibu zaidi wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Toronto, Berlin au Minneapolis, ambako jambo hili limekuwa la kawaida katika nyumba za majirani, kama si katika nyumba zao wenyewe.

Mambo yanayotokea ua linapokauka

Ua bichi la bangi lina maji yanayofikia asilimia 75 hadi 80 ya uzito wake, na kwa sababu hiyo sheria ya Kanada huhesabu gramu 5 za bangi mbichi kuwa sawa na gramu 1 ya bangi kavu. Lengo la kukausha ni kuyashusha maji hayo hadi kiasi cha asilimia 10 au 12. Hata hivyo, asilimia peke yake haitoshi kueleza usalama, na wataalamu wa vyakula hutumia kipimo cha maji huru, yaani maji ambayo hayajashikwa na tishu za mmea na ambayo kwa hiyo yanaweza kutumiwa na vimelea. Kipimo hicho huanzia 0 hadi 1, na shirika la viwango la ASTM limependekeza bangi kavu ikae kati ya 0.55 na 0.65. Juu ya kiwango hicho ukungu hupata nafasi ya kuota. Chini yake ua hugeuka chenga, na vinywele vyake vya utomvu, vilivyobeba karibu kila kinachotafutwa, huvunjika na kudondoka.

Pamoja na maji hupotea kitu kingine. Harufu ya bangi hutokana kwa sehemu kubwa na terpeni, mafuta mepesi yanayofanana na yale yanayopatikana katika maganda ya machungwa na majani ya mkaratusi, na mepesi zaidi kati yake huruka hewani hata katika joto la kawaida la chumba. Utafiti wa Ross na ElSohly wa Chuo Kikuu cha Mississippi, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba maua yaliyokaushwa kwa hewa yalipoteza karibu theluthi moja ya mafuta hayo ndani ya wiki moja, na zaidi ya nusu baada ya miezi mitatu. Takwimu hizo zafaa kukumbukwa na kila anayeisifu njia ya kawaida kana kwamba haina hasara.

Suala la nguvu ya kulevya ndilo lililopotoshwa zaidi. Ua bichi halina THC nyingi, yaani kampaundi inayolevya. Lina THCA, asidi isiyolevya ambayo joto huigeuza kuwa THC, nayo THC ikikaa katika hewa na mwanga hubadilika polepole kuwa CBN, kampaundi dhaifu zaidi. Mwaka 1976 Fairbairn na wenzake wa London walionyesha kwamba, miongoni mwa sababu zote za upotevu wakati wa kuhifadhi, mwanga ndio unaoongoza. Kwa hiyo dai kwamba bangi iliyohifadhiwa kwa muda mrefu ndani ya mtungi huongezeka nguvu halina msingi wa kikemia: kiasi cha jumla hakiwezi kupanda ndani ya chombo kilichofungwa, na mgeuko mdogo wa THCA kuwa THC ungetokea hata hivyo bangi inapochomwa au kupikwa. Kinachoweza kuboreka ni ladha na ulaini wa moshi, na hilo lina maelezo yake. Seli za mmea hazifi papo hapo baada ya kukatwa, bali vimeng'enya vyake huendelea kwa siku kadhaa kuvunja sukari na klorofili. Ukavu wa ghafla husimamisha kazi hiyo katikati, na ua hubaki na harufu ya majani yaliyofyekwa.

Njia ya kawaida na udhaifu wake

Utaratibu unaochukuliwa kuwa kipimo cha njia nyingine zote ni kutundika matawi katika chumba chenye giza, joto la nyuzi 16 hadi 20 na unyevuanga wa asilimia 55 hadi 60, kwa siku kumi hadi kumi na nne, kisha kuyakomaza maua, yaani kuyaweka katika mitungi ya kioo inayofunguliwa kila siku kwa muda mfupi ili unyevu uliojificha ndani ya ua utoke na hewa ibadilike. Ukomazaji huchukua wiki mbili hadi miezi kadhaa. Tumbaku ya hewa hukaushwa kwa mantiki hiyohiyo ya kuliacha jani life polepole, tena kwa wiki nyingi zaidi.

Nguvu ya utaratibu huu ni upole wake. Udhaifu wake ni kwamba unadai chumba ambacho watu wengi hawana. Katika nyanda za Saskatchewan wakati wa baridi, hewa ya ndani iliyopashwa moto hukauka mno, na maua yaliyotundikwa humaliza safari yote kwa siku tatu. Katika pwani ya British Columbia mwezi Oktoba, wakati mavuno ya nje yanapoingia, mvua na unyevu huyafanya maua hayohayo yaanze kuoza kabla ya kukauka. Mpangaji wa ghorofani ana tatizo la tatu, nalo ni harufu inayofika kwa jirani na kwa mwenye nyumba. Njia za mkato, basi, hazikuzaliwa na uvivu peke yake. Nyingi ni majibu ya hali ya hewa na ya ukubwa wa nyumba, na hukumu inayozitupa zote kwa pamoja huwa imetolewa na mtu mwenye chumba cha ziada.

Njia za joto

Hoja ya wanaotumia oveni, maikrowevu au mashine ya kukaushia matunda ni rahisi: maji yatoke leo badala ya wiki ijayo. Hoja hiyo ina ukweli mmoja tu, ambao ni kasi. Maikrowevu hupasha molekuli za maji bila usawa, hivyo ua moja huweza kuungua upande mmoja na kubaki bichi katikati. Terpeni nyepesi huondoka pamoja na mvuke. Na sehemu ya THCA hugeuka kuwa THC kabla ya wakati, jambo ambalo anayekusudia kupika bangi hatalijali, lakini anayetaka kuihifadhi atalijutia kwa sababu THC huchakaa. Zaidi ya hayo, joto la dakika chache haliwezi kuaminiwa kuua vijidudu vilivyojificha ndani ya ua. Njia hizi zinaweza kutetewa kwa kuonja sampuli ndogo tu, na hata watetezi wake wengi hawazidi hapo.

Mfuko wa karatasi mara nyingi huwekwa katika kundi hili, ingawa kwa haki haustahili kuwamo. Karatasi hufyonza unyevu na kuupitisha nje kwa mwendo wa wastani, hivyo mfuko huwa aina ya chumba kidogo chenye giza. Kasoro yake ni msongamano: maua yaliyorundikwa humo bila kugeuzwa hugusana na kuvunda mahali pa mguso. Kwa kiasi kidogo, na kwa mkono usiosahau kugeuza, tofauti yake na chumba cha kutundikia ni ndogo kuliko inavyosemwa.

Njia za baridi

Upande huu ndio wenye hoja nzito zaidi. Friji za kisasa zinazoyeyusha barafu zenyewe huondoa unyevu katika hewa yake, na kwa kuwa terpeni huruka kwa shida zaidi katika ubaridi, maua yanaweza kupoteza maji huku yakibakiza harufu nyingi. Giza la ndani nalo linaondoa adui aliyetajwa na Fairbairn. Wapinzani hujibu kwamba vimeng'enya hulala katika nyuzi 4, kwa hiyo klorofili hubaki na ladha ya ubichi hudumu. Majibu hayo ni ya kweli kwa kiasi, lakini hayaliangushi dai zima, kwa sababu yanapima ladha ilhali dai lilihusu harufu. Udhaifu mkubwa zaidi wa friji ni wa kimazingira: friji iliyojaa vyakula, inayofunguliwa mara ishirini kwa siku, hupandisha na kushusha unyevu wake bila mpangilio, na harufu ya bangi na ya kitunguu hubadilishana makazi. Penye watoto, friji ya familia haifai kabisa kuwa ghala la kitu hicho, na sababu hiyo pekee inatosha kumaliza ubishi katika nyumba nyingi.

Kukausha kwa ubaridi na ombwe ni jambo la ngazi nyingine. Ua hugandishwa, kisha hewa huondolewa katika chemba hadi shinikizo lishuke chini ya paskali 611, na hapo barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya kimiminika. Maji yanapoondoka hivyo, umbo la ua halisinyai, rangi hubaki, na kazi ya wiki mbili hukamilika kwa takriban siku moja. Njia hii imekubalika sana kwa watengenezaji wa hashishi inayotolewa kwa maji na barafu, ambao bidhaa yao mbichi huota ukungu upesi. Kwa ua zima hesabu ni tofauti: mashine ya nyumbani hugharimu maelfu ya dola, ombwe huvuta pia sehemu ya terpeni nyepesi, na ua linalotoka humo huwa kavu mno na lenye vitundu vingi, hivyo hufyonza unyevu wa chumba kwa pupa lisipofungwa mara moja. Ukomazaji wa baadaye nao hauna kazi kubwa ya kufanya, kwa kuwa vimeng'enya vinahitaji maji yaliyokwisha kuondolewa.

Barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyogandishwa inayogeuka gesi katika nyuzi 78.5 chini ya sifuri, hutumiwa na wachache kwa imani kwamba gesi yake huyafukuza maji na oksijeni kwa wakati mmoja. Baridi hiyo huvifanya vinywele vya utomvu kuwa dhaifu kama kioo, hivyo sehemu ya mali hubaki chini ya sanduku. Hatari yake kwa mwanadamu ni kubwa kuliko faida: gesi hiyo ikijaa katika chumba kidogo kisicho na dirisha hukosesha pumzi, na ikifungiwa katika chombo kisichopitisha hewa hukipasua. Hakuna ladha inayostahili gharama hiyo.

Kuloweka

Njia ya kuloweka hushangaza kila anayeisikia kwa mara ya kwanza: maua mabichi huzamishwa katika maji kwa siku tano hadi saba, maji yakibadilishwa kila siku, kisha hukaushwa. Watetezi wake husema kwamba maji huosha klorofili na kuacha THC, kwa sababu THC haiyeyuki katika maji. Nusu ya pili ya sentensi hiyo ni sahihi. Nusu ya kwanza ina kosa, kwa kuwa klorofili nayo ni ya jamii ya vitu vinavyoyeyuka katika mafuta. Kinachoondoka ni sukari, chumvi, baadhi ya rangi na kampaundi nyingine zinazopenda maji. Moshi laini unaosifiwa na watumiaji wa njia hii unaelekea kutokana na upungufu wa vitu hivyo.

Bei yake ni harufu na uzito. Ua lililolowekwa hutoka limenyauka, jepesi na karibu kukosa manukato, na kwa kuwa uzito umepungua huku THC ikibaki, kila gramu huonekana kuwa kali zaidi ingawa hakuna kilichoongezwa. Wengi wanaosema kuloweka "huongeza nguvu" wamedanganywa na mizani. Nchini Ujerumani, ambako kikomo cha gramu 50 za kuhifadhi nyumbani huhesabiwa kwa uzito baada ya kukauka, upungufu huo una tafsiri ya kisheria ambayo watunga sheria huenda hawakuifikiria. Kwa upande mwingine, kitu cha mmea kilicholala katika maji vuguvugu kwa wiki nzima ni makazi mazuri ya bakteria, na anayebadilisha maji kwa kusuasua hukausha kitu kilichokwisha kuoza.

Kifurushi cha Malawi

Miongoni mwa njia zote zinazoitwa ngeni katika Amerika ya Kaskazini, moja si ngeni hata kidogo katika Afrika. Bangi ya Malawi, hasa ile inayohusishwa na wilaya ya Nkhotakota, bandari ya ziwa ambayo katika karne ya 19 ilikuwa kituo cha misafara ya Waswahili chini ya watawala walioitwa Jumbe, hufungwa kwa jadi katika maganda ya mahindi au majani ya mgomba, ikakazwa kwa kamba hadi ikawa na umbo la gunzi. Ndani ya kifurushi hicho maua yaliyokauka nusu hubanwa pamoja na unyevu wake, hewa huwa haba, na mchakato wa uchachu huanza, ukiyageuza kuwa ya kahawia na kuipa bidhaa harufu tofauti kabisa na ya ua lililotundikwa.

Wanaoiga njia hii huko Ulaya na Marekani, mara nyingi kwa kutumia mashine za kubana na mifuko ya plastiki isiyo na hewa, huisifu kwa kuwa inaondoa ukali wa moshi. Mfanano na tumbaku nyeusi inayochachushwa katika marundo upo kweli, na si jambo la kudharauliwa. Tatizo ni kwamba uchachu mwema na uozo hutenganishwa na tofauti ndogo ya maji na hewa, na mkulima wa Nkhotakota aliijua tofauti hiyo kwa kuona vifurushi vingi katika hali ya hewa moja, ilhali mwigaji wa Hamburg ana vifurushi viwili na kipupwe kisichofanana na kile cha kando ya ziwa. Ganda la mahindi hupumua, plastiki haipumui. Kuiga umbo bila kuiga upumuaji ni kuiga nusu iliyo rahisi.

Hatari isiyoonekana

Mjadala wa ladha umefunika swali lililopaswa kutangulia. Ukungu wa jamii ya Aspergillus hupatikana mara kwa mara katika bangi isiyokaushwa vizuri, na tangu miaka ya 1970 madaktari wameandika juu ya wagonjwa wenye kinga dhaifu waliopata maambukizi ya mapafu yaliyohusishwa na uvutaji wa bangi yenye ukungu. Moto wa sigara hauui mbegu zote za ukungu, kwa kuwa nyingi huvutwa pamoja na moshi kabla ya kufikiwa na joto. Mwaka 1981 mlipuko wa salmonela katika majimbo ya Ohio na Michigan ulifuatiliwa hadi kwenye bangi iliyochafuliwa. Ajabu moja ni kwamba watu wanaotumia bangi kama dawa, wakiwemo wenye saratani, ndio walio katika hatari kubwa zaidi, na ndio pia wanaoshauriwa mara nyingi kujaribu njia za nyumbani kwa sababu ni rahisi.

Kwa kigezo hiki mpangilio wa njia hubadilika. Mashine ya ombwe, iliyoonekana kuwa anasa, hupanda juu kwa kuwa hairuhusu muda wa ukungu kuota, ingawa haisafishi kilichokuwamo tangu shambani. Friji isiyo na vyakula hukaribia chumba cha kutundikia, na katika pwani yenye mvua huizidi. Kuloweka na kifurushi cha Malawi hushuka, kwa kuwa vyote viwili huweka mmea na maji pamoja kwa siku nyingi na kutegemea uangalifu wa mtu. Njia za joto hubaki chini, kwa vile huacha ukavu nje na ubichi ndani, hali ambayo jicho na kidole hushindwa kuitambua.

Upimaji badala ya kubahatisha

Kasoro inayozikumba njia zote, pamoja na ile ya kawaida, ni kupima ukavu kwa kuvunja kijiti na kusikiliza kama kinalia. Kijiti hueleza hali ya kijiti. Haigromita ndogo, kifaa cha bei nafuu kinachosoma unyevuanga, ikifungiwa pamoja na maua katika mtungi kwa muda wa siku moja hivi, huonyesha hali ya ua zima, kwa sababu hewa ya mtungi na maji huru ya ua hufikia mizani moja: asilimia 62 katika hewa ni sawa na 0.62 katika kipimo kilichotajwa hapo awali. Kwa kifaa hicho, mkulima wa Calgary anayekausha katika mfuko wa karatasi huwa na ushahidi bora kuliko mwenye chumba kilichotengenezwa kwa gharama lakini kisichopimwa. Usomaji ukizidi 65, maua hutolewa tena nje bila kujali yalikaushwa kwa njia gani na kwa siku ngapi; ukishuka chini ya 55, kasi ya kukausha ilikuwa kubwa kupita kiasi, na mvuno unaofuata hurekebishwa kwa kushusha joto au kupunguza feni. Maua yaliyokwisha kuonyesha utando wa kijivu au kutoa harufu ya uvundo hayana njia ya kuyaokoa, iwe ya joto, ya baridi au ya maji, na hutupwa yote, hata yale ya mtungi huohuo yanayoonekana kuwa mazima.